Homa Si Kosa

Kila jioni mkunga aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma, kama mwizi. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kumwekea ndoo ya maji ya sabuni uani. Mkunga alivua viatu, akavua sare ya kazi, akaitumbukiza kwenye ndoo. Alioga hapo hapo nyuma ya pazia la turubai. Kisha alikwenda kwenye chumba kidogo cha uani ambamo zamani mumewe aliweka vitambaa vyake. Humo ndimo alimolala tangu korona ilipoingia.

Alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Chakula kiliwekwa juu ya kigoda katikati ya ua. Mama mkwe alikiweka, akarudi nyuma, halafu akaita, "Mwanangu, chakula tayari." Walikula hivyo, yeye upande wake na wao upande wao, wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Sauti kubwa haikumpa shida mkunga huyu. Kazini walimwita Kipaza, kwa sababu sauti yake ilipenya barakoa mbili na kioo cha kufunika uso, na bado ikasikika mwisho wa wodi. Jina lilimganda. Hata mumewe siku hizi alimwita hivyo.

Mtaani nako watu walimkwepa. Mwenye duka la jirani, mtu aliyezoeana naye miaka mingi, sasa alimpa mkate ndani ya mfuko ulioning'inia kwenye ncha ya fimbo ndefu. Tena aligeuza uso ukutani. Mwingine angelia. Kipaza alicheka.

"Sawa," alimwambia. "Siku mkeo akishikwa na uchungu, nitamzalisha kwa fimbo hiyo hiyo."

Foleni nzima ilicheka chini ya barakoa. Mwenye duka aliona haya, na kesho yake alimpa mkate kwa mkono.

Nyumbani kulikuwa na mjamzito. Alikuwa wifi yake Kipaza, mdogo wa mumewe. Mume wa wifi ni dereva wa lori, na mipaka ilipofungwa alikwama huko mpakani pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo wifi alirudi kwa mama yake kusubiri kujifungua. Huyo angekuwa mjukuu wa kwanza wa nyumba ile. Kipaza mwenyewe hakujaliwa mtoto, na alikuwa amekwisha kumaliza kulia juu ya jambo hilo. Huyu wa wifi alimsubiri kama wake.

Kila jioni alimuuliza maswali kutoka upande wa pili wa ua. Mtoto anacheza? Kichwa kinauma? Unaona giza? Umeona damu? Wifi alijibu vizuri, kisha akamtania kwamba mkunga gani huyu anayepima mimba kwa kupiga kelele. Kipaza alicheka, lakini rohoni aliumia. Kazini aliwashika wajawazito wa watu wote. Huyu wa nyumbani aliogopa kumgusa, asije akampelekea ugonjwa.

Sasa tuje hospitalini, maana huko ndiko kulikokuwa na tatizo. Langoni kulikuwa na sheria mpya. Mlinzi alipewa kipimajoto chenye umbo la bastola, na kila aliyeingia alilengwa kwenye paji la uso. Mlinzi aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alisimama miguu panda, akafumba jicho moja, akasoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Asiye na homa alipita. Mwenye homa alipelekwa Bandani.

Banda lilikuwa ghala la zamani nyuma ya chumba cha kufulia. Huko mgonjwa alisubiri majibu ya kipimo cha korona, na majibu yalitoka kesho yake au kesho kutwa. Mgonjwa wa kawaida angeweza kuvumilia. Kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ilikuwa balaa. Banda halikuwa na mkunga wala kitanda cha kuzalia, na uchungu hausubiri majibu ya mtu.

Sheria ile haikuzuka tu. Mwanzoni mwa ugonjwa, mkunga mwenzao mmoja, mama wa vichekesho vingi, aliambukizwa wodini. Hakupona. Walimzika wakiwa wamesimama mbali mbali, hakuna aliyemshika mwenzake bega. Metroni, mkuu wa wauguzi na wakunga wote, alikuwa chanda na pete na marehemu. Baada ya mazishi alitangaza kwamba homa haitaingia tena katika wodi ya wazazi. Wasindikizaji nao walipigwa marufuku. Siku hiyo hakuna aliyempinga, hata Kipaza.

Halafu likatokea jambo la binti wa jirani. Binti huyo alikuwa na malaria tu. Mlinzi alisoma namba yake, akapelekwa Bandani na uchungu wake. Alihangaika huko mchana kutwa bila mtu wa kumshika mkono. Mtoto alizaliwa sakafuni. Kisha walimtenga na mtoto wake mpaka majibu yatoke, na majibu yakachelewa. Aliporudishiwa mtoto, maziwa yalikuwa yamekauka. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima siku ile ile.

Tangu hapo wanawake waliiogopa bastola ya mlinzi kuliko korona yenyewe. Kipaza alimwendea Metroni mara kadhaa akamwambia Banda litatuletea msiba. Metroni alimjibu kwamba msiba tayari ameshauona, na kwamba sheria ni sheria. Kipaza alirudi kazini akiwa amefura kwa hasira. Wakati huo hakujua kwamba wanawake walikuwa wameshapata njia ya kuipita bastola ile.

Asubuhi moja Kipaza alikuwa wodini hoi. Alikuwa ameunganisha zamu mbili kwa sababu wenzake waliugua, hivyo hakuwa amerudi nyumbani. Gauni la plastiki lilimganda mwilini kwa jasho. Tangu aingie hakuwa amekunywa maji. Ukinywa maji utataka kwenda haja, na ukienda haja lazima uvue kila kitu na uvae kipya, na magauni yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Mlango ulifunguliwa. Akaingia mjamzito akijishika kiuno. Kipaza alimpokea kama anavyowapokea wote, akamwonyesha kitanda. Ndipo alipoyaona macho juu ya barakoa. Alikuwa wifi yake.

Wifi naye hakumtambua mpaka aliposikia sauti. Alifurahi kwanza, kisha uso ukabadilika, akageukia ukuta.

Kipaza alianza kumpima. Paji la uso lilikuwa baridi, lakini nywele za mbele zilikuwa mbichi. Mikono ilikuwa ya moto. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio. Alichukua kidude chake cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kile kinachofanana na tarumbeta ndogo. Kioo cha uso kilimzuia kuweka sikio. Alikisukuma juu akasikiliza. Moyo wa mtoto ulikimbia kuliko inavyotakiwa. Kisha akasikia harufu. Maji ya uzazi yalikuwa yananuka.

Alimuuliza chupa ilipasuka lini, yaani yale maji ya mtoto yalianza kutoka lini. Wifi alisema ni asubuhi ile. Alisema hivyo akiutazama ukuta.

"Wifi," Kipaza alisema kwa sauti ya chini ambayo wodi haikuizoea. "Umemeza nini?"

Wifi alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi si mlinzi. Mimi ni wifi yako. Umemeza nini?"

Wifi alianza kulia. Alisema amemwapia mama kwamba hatasema. Kipaza hakumlazimisha. Alimwomba mkunga mwenzake akae naye na amwite daktari. Alivua gauni, akanawa mikono, akatoka mbio hadi langoni.

Mama mkwe alikuwa nje ya uzio wa chuma, ameketi kwenye ukingo wa barabara na furushi la nguo za mtoto mapajani. Alipomwona mkwe wake anakuja mbio, alisimama.

"Mama, chupa ilipasuka lini?"

"Leo asubuhi."

"Mama, niangalie."

Mama mkwe hakumwangalia. Aliyatazama mafundo ya lile furushi. Baadaye alisema, "Juzi. Tukasubiri uchungu uanze."

"Na homa?"

"Ilianza jana. Nikampa vile vidonge vyeupe vya kushusha homa. Leo nikampa tena kabla hatujatoka. Pale bombani nikamlowesha uso." Alionyesha bomba la maji lililokuwa kando ya barabara. "Wote wanafanya hivyo, mwanangu. Ukija mapema unakuta foleni."

Kipaza alitazama bomba. Wanawake watatu wenye matumbo makubwa walikuwa pale, kila mmoja na kitambaa chake cha maji kwenye paji la uso. Kwa wiki nzima aliwapokea wanawake waliosomwa na bastola kuwa wazima, na hakujua ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ungefanya nini?" Mama mkwe sasa alimtazama usoni, na sauti yake ilipanda. "Wewe ni mtu wao. Binti wa jirani mlimtupa Bandani kama gunia. Nimlete wangu naye mumtupe? Nilikuficha, ndiyo. Hata leo ningekuficha."

Maneno hayo yalimchoma Kipaza, kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini muda wa kuumia haukuwepo. Alishika nondo za uzio akaongea polepole, ili kila neno liingie.

"Sikiliza, mama. Vidonge vile vinashusha joto tu. Kilicholeta joto kinabaki mwilini kinaendelea na kazi yake. Chupa ikipasuka, njia ya kwenda kwa mtoto iko wazi, na vijidudu vinapanda juu. Ukikaa nyumbani vinazaana. Ndivyo vilivyoleta homa. Sasa wewe umezima king'ora, moto umeuacha ndani ya nyumba."

Mama mkwe alifunika mdomo kwa mtandio. "Nimemuua mwanangu?"

"Bado. Njoo twende."

Mlinzi aliweka mkono mbele. Wasindikizaji hawaruhusiwi, alisema. Kipaza alimwambia ampime. Mlinzi alilenga, akasoma namba, safari hii bila mbwembwe. Mama mkwe hakuwa na homa, hakohoi, wala hajakaa na mtu aliyejulikana kuwa na korona. Basi, Kipaza alisema, anawe mikono, apewe barakoa mpya, apite. Mlinzi aliuliza atawaambia nini wakubwa.

"Waambie ni mimi," alisema Kipaza. "Jina langu unalijua, na wao wanalijua."

Metroni aliwakuta kwenye ujia wa wodi. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kuna homa ndani. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akasema mgonjwa apelekwe Bandani mara moja, apimwe, asubiri majibu kama wengine. Alisema anajua ni wifi yake Kipaza, na anasikitika, lakini hatapindisha sheria kwa ajili ya udugu.

"Sitampeleka," alisema Kipaza.

"Umesemaje?"

"Sitampeleka. Wala si kwa sababu ni wifi yangu. Sitampeleka mwanamke yeyote tena mahali pasipo na mkunga."

Macho ya Metroni yalilowa. Yeye naye alikuwa amechoka, na watu walisahau hilo. "Nilimzika mwenzangu bila kumwona uso," alisema. "Unataka nikuzike na wewe?"

"Sitaki. Ndiyo maana nataka kujua nani ana homa. Kwa sasa hatujui. Nenda pale bombani utazame. Wanameza vidonge, wanalowesha uso, wanapita. Wanakaa wodini na wenzao, sisi tunawashika tukidhani wazima. Sheria yako haikuzuia homa, Metroni. Imewafundisha kuificha."

Metroni alishusha mikono kutoka kiunoni. Kipaza aliona neno limeingia, akaendelea kabla halijatoka. Chumba cha shuka mwisho wa ujia kina mlango wake wa nje na madirisha mawili makubwa. Watoe shuka, waingize kitanda, wafungue madirisha. Mwenye homa apitie mlango wa nje, hapiti wodini. Mkunga mmoja amhudumie, amevaa gauni, barakoa, kioo na glavu. Msindikizaji mmoja mzima akae naye. Kipimo cha korona kichukuliwe, lakini matibabu yasisubiri majibu.

"Ukifanya hivyo bila ruhusa nitakusimamisha kazi," Metroni alisema.

"Nisimamishe. Lakini ngoja nimzalishe kwanza."

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Metroni alimtazama mama yule na furushi lake. Kisha alichomoa ufunguo mmoja kwenye rundo lililokuwa kiunoni, akauweka juu ya toroli la dawa, akaondoka.

Chumba kilitolewa shuka upesi. Daktari alifika, akampima wifi, akathibitisha kwamba vijidudu vimeingia kwenye nyumba ya mtoto. Aliagiza dripu na dawa ya kuua vijidudu ya kupitia mshipani. Alichukua damu ya kupima malaria na kipimo cha puani cha korona, maana homa inaweza kuwa na sababu nyingi, na huwezi kuijua kwa kuitazama. Alisema waliwahi, lakini si sana. Mtoto lazima atoke leo, na hana uhakika atatoka na hali gani.

Kazi ikaanza. Uchungu ulikuwa mkali, na homa ilipanda tena dawa ya dukani ilipoisha nguvu. Mama mkwe alisimama upande wa kichwa, akampangusa mwanawe jasho na kumnywesha maji. Kipaza alikuwa upande wa miguu. Aliongea bila kukoma, kwa sababu uso wake ulikuwa umefunikwa wote na sauti ndiyo iliyobaki.

Wifi alimuuliza kama atakufa.

"Nani kakupa ruhusa ya kufa?" Kipaza alijibu. "Mumeo yuko mpakani na lori la vitunguu. Akirudi nimwambie nini? Sukuma."

Wifi alicheka huku akilia, akasukuma. Saa zilipita. Mchana ulikuwa umeanza kupoa mtoto alipotoka. Alikuwa wa kike, na alikuwa amelegea. Hakulia.

Mama mkwe alipiga magoti. Kipaza hakuwa na muda wa kupiga magoti. Alimpangusa mtoto kwa kitambaa kikavu, akamsugua mgongo. Hakulia. Alikata kitovu, akamlaza mezani, akaweka kibarakoa kidogo juu ya pua na mdomo, akaminya mfuko wa hewa. Kifua kilipanda, kikashuka. Akaminya tena. Wifi aliuliza mbona hasikii kitu. Machozi yalimtoka Kipaza, na ndani ya kile kioo hakuwa na njia ya kuyafuta. Akaminya tena. Alimwambia mtoto yule, kwa sauti iliyosikika mpaka wodini, kwamba amemsubiri miezi tisa kutoka upande wa pili wa ua, na leo hakubali kuondoka mikono mitupu.

Mtoto alikohoa. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira.

Kipaza alimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Alipoinua kichwa alimwona Metroni nje ya dirisha, barakoa imelowa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

Majibu yalitoka kesho yake. Wifi hakuwa na korona wala malaria. Mtoto alipewa dawa ya vijidudu siku kadhaa, naye akanyonya kama anayedai deni lake. Wote walianza kupata nafuu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Wakubwa wa hospitali walimwita Kipaza kwenye kikao. Mmoja alimwambia alikuwa na bahati, kwa kuwa wifi yake hakuwa na korona. Angekuwa nayo, ingekuwaje?

Kipaza aliketi kwenye kiti chake, hakuinamisha kichwa.

"Angekuwa nayo ningefanya vile vile," alisema. "Ningevaa vile vile, ningefungua madirisha vile vile, ningemzalisha. Na mtoto ningempa amnyonyeshe. Mama mwenye korona ananyonyesha. Anavaa barakoa, ananawa mikono kabla ya kumshika mtoto, ananyonyesha. Hatumtengi na mwanawe labda kama amezidiwa hata hawezi kumshika. Mwenzetu aliyekufa alizalisha mpaka siku aliyougua. Mnadhani angependa tumkumbuke kwa Banda?"

Kipaza alisubiri kuambiwa ameachishwa kazi. Badala yake Metroni alisimama. Alisema sheria ya Banda aliitunga yeye kwa uchungu wa msiba, na anaifuta yeye. Kama kuna wa kuadhibiwa kwa ajili ya chumba cha shuka, waanze na aliyetoa ufunguo. Wakubwa walitazamana, wakakohoa kidogo, wakapita kwenye ajenda nyingine.

Chumba cha shuka kikawa chumba cha wazazi wenye homa. Magauni yalipopungua, mume wa Kipaza alishona mengine kwa kitambaa cha makoti ya mvua, cherehani ikanguruma mpaka majirani wakalalamika. Kila mjamzito aliruhusiwa msindikizaji mmoja mzima. Mlinzi alibaki na bastola yake, ila kazi yake ilibadilika. Mwenye homa hakufukuzwa. Aliulizwa una uchungu, chupa imepasuka, unatoka damu, kisha akaonyeshwa mlango wa kupita.

Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya watu waamini. Hiyo aliichukua mama mkwe. Alizunguka mtaani na barakoa yake, akasimama milangoni kwa watu bila kuingia, akasema mwenyewe alichomfanyia mwanawe. Hakuyapaka maneno asali. Alisema alikaa na mwenye chupa iliyopasuka siku mbili, kumbe ilitakiwa waondoke mara ile ile maji yalipotoka, hata kama uchungu haujaanza. Alisema alificha homa, na ule uficho nusura umle mjukuu. Wanawake waliokuwa wamewahi kulowesha nyuso bombani walisikiliza wakitazama chini.

Kipaza naye kila asubuhi, kabla ya kuvaa gauni, alisimama langoni akawahutubia waliokuja kliniki. Hapo sauti yake ilifaa. Aliwaambia wasisubiri kuzidiwa. Mjamzito akiona damu, akiumwa sana na kichwa au kuona giza, akivimba uso na mikono, akipata homa au degedege, akishindwa kupumua vizuri, au akiona mtoto hachezi kama kawaida, aje siku hiyo hiyo. Aliwaambia wasimeze dawa ili kumdanganya mlinzi. Wakishameza, waseme wamemeza nini na saa ngapi. Na kila mara alimalizia kwa ukali kidogo kwamba homa si kosa, hakuna wa kuomba msamaha kwa kuugua.

Baada ya muda aliletwa mama mwenye korona kweli. Alizalia katika chumba kile, dada yake akiwa pembeni. Alinyonyesha amevaa barakoa. Alitoka na mwanawe mikononi, na wakunga wote wa zamu ile walibaki wazima.

Asubuhi nyingine foleni langoni ilikuwa ndefu. Katikati alikuwepo msichana mwembamba mwenye mimba kubwa, anatetemeka kwa baridi juani. Watu wa mbele na wa nyuma walianza kusogea mbali naye. Wengine walinong'ona arudi kwao. Zamani angeinamisha uso akaondoka. Huyu alitoka kwenye foleni, akatembea mpaka mbele, akasimama mbele ya mlinzi kabla hata hajalengwa.

"Nina homa," alisema, na watu wote wakasikia. "Maji yametoka leo alfajiri. Sijameza kitu. Nimekuja kuzaa."

Mlinzi alishusha bastola, akamfungulia lango.